Paka wa Ujiji mwenye manyoya ya mawimbi na asiyetulia: ni mbegu, ugonjwa au kitu gani?

#1 MwanaUjiji
Wakuu salaam. Hapa nyumbani Ujiji tuna paka jike wa kawaida, wa mabaka ya kijivu na chungwa, kazi yake panya. Mzao wake wa mwisho kaleta watoto wanne. Watatu manyoya yao yamelala vizuri tu. Wa nne, dume wa rangi ya chungwa, manyoya yamejikunja mwili mzima. Si uchafu, nimemwogesha. Tumboni na mapajani yamejisokota kabisa, mgongoni yanakwenda kwa mistari ya mawimbi toka shingoni mpaka mkiani, utadhani kasukwa twende kilioni halafu akafumuliwa. Sharubu ndizo zilizonishangaza zaidi: fupi, zimepinda, nyingine zimekatika vikabaki vishina.

Tabia sasa. Huyu mnyama hatulii. Mtu akiinama tu, kesha panda mgongoni, na safari yake inaishia begani. Bi mkubwa anasonga ugali paka yuko begani anakodolea sufuria. Anakula kila kitu: ukoko, maharage, hata tango. Dagaa ndiyo usiseme. Mdogo wangu akienda shule anamsindikiza mpaka tunamkimbilia kumrudisha. Ndugu zake watatu wakisikia hodi tu wote uvunguni.

Mtaa umegawanyika. Jirani mmoja anasema huo ni upele, nimtupe kabla watoto hawajaambukizwa. Mwingine anasema hicho si paka. Mama mdogo anashikilia baba yake ni paka wa boti za Kongo. Wajuzi nisaidieni: ni mbegu gani hii? Na huo uchangamfu unatokana na manyoya au ni mambo mawili tofauti? Picha nimeweka tatu.

#2 KacheroWaGungu
Uzi umekuja na picha zake, heshima kwako mkuu. Navuta kiti.

#3 MwishoWaReli
Mbona rahisi. Huyo ukoo wake umeshuka na Liemba. Meli imetengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipandevipande, ikaungwa hapo Kigoma, ikaingia majini 1915. Unadhani Wajerumani walikuja bila paka wa kuzuia panya melini? Damu ya Kijerumani hiyo, imejificha miaka mia, leo imetokea kwenu.

#4 BintiManyema
#3 hapo sema alikuja na Livingstone kabisa, tumalize. Ujiji kila kitu kikikosa mwenyewe anatwishwa Livingstone.

#5 MwishoWaReli
Livingstone alikuwa hapo 1871 anaumwa, paka angemlisha nini? Liemba ina mantiki.

#6 MtabibuWaMifugo
Habari zenu. Kabla ya mbegu tuondoe ugonjwa kwanza, maana jirani wa mleta mada hajasema upuuzi.

Upele wa paka unasababishwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Unaanzia karibu kila mara kwenye ncha za masikio, unashuka usoni na shingoni. Ngozi inakuwa nene, ina magamba ya kijivu, paka anajikuna mpaka damu. Huo unaambukiza watu kweli, utaona vipele mikononi na kifuani kwa anayembeba. Mashilingi nayo yanaambukiza, na watoto ndio wanaoathirika sana: manyoya yanakatika na kuacha viduara. Paka mwingine anayabeba haonyeshi dalili yoyote.

Kwa hiyo mleta mada, tazama haya. Ncha za masikio ni laini au zina ukoko? Kuna sehemu yenye upara wa duara? Anajikuna? Kuna mtu nyumbani kapata vipele? Na manyoya yalikuwa yamejikunja toka kuzaliwa au yalianza baadaye? Upele haukunji manyoya. Unayang'oa.

Na tafadhali sana, usimpake mafuta machafu ya gari, na usimpulizie dawa ya kupe au viroboto ya mbwa. Nyingi zina pamethrini, na paka hawezi kabisa kuihimili, anaanza kutetemeka na kupata degedege. Nimeona kesi za namna hiyo zaidi ya nilivyopenda.

#7 MwanaUjiji
#6 shukrani dokta. Masikio ni safi, ila ndani yanajaa nta ya kahawia upesi kuliko ya wenzake. Hana upara. Hajikuni. Bi mkubwa anambeba kutwa na hana hata kipele. Alizaliwa hivyo hivyo, siku za mwanzo tulidhani hajakauka vizuri baada ya mama yake kumlamba. Tukasubiri akauke. Mpaka leo.

#8 NyauTu
Hahaha "mpaka leo". Huyo ni wa mbegu mkuu.

Hizi aina zipo na historia zake zinajulikana. Ya zamani zaidi kufugwa kwa makusudi ni Cornish Rex. Julai 1950, kwenye shamba moja Bodmin Moor, Cornwall, Uingereza, paka wa kawaida kabisa aitwaye Serena alizaa watoto watano. Wanne kawaida, mmoja dume manyoya yamejikunja. Wakamwita Kallibunker, na alikuwa wa rangi ya chungwa iliyofifia! Soma tena #1 halafu uniambie. Alipokua wakampandisha kwa mama yake mwenyewe, wakapatikana wengine wa mawimbi. Ukoo wote umetokea hapo.

Umbo lake: mwembamba, miguu mirefu, mgongo umebinuka juu kidogo, kichwa cha umbo la yai, masikio makubwa yamekaa juu. Hana zile nywele ndefu ngumu za juu ambazo paka wengine wanazo, amebaki na zile laini za ndani tu. Ndiyo maana ukimshika unahisi ana joto kali, kumbe joto lake ni la paka yeyote, 38 na kitu, ila hakuna kinga kati ya ngozi yake na mkono wako.

Tabia: hatulii mpaka uzeeni, anarukia makabati, anafuata watu, ukimrushia kitu anakirudisha. Mleta mada ana Cornish.

#9 Mkwawa_wa_Kibirizi
#8 historia yako iko sawa, hitimisho hapana. Kupanda begani na kuwa mlafi wa kila kitu ni sifa anazosemwa nazo Devon Rex. Yeye alitokea 1960, mkoa wa jirani tu, Devon. Kulikuwa na shume mwenye manyoya ya kujikunja anaishi kwenye machimbo ya bati yaliyotelekezwa, hakuna aliyeweza kumkamata. Paka jike wa mtaani akazaa, mtoto mmoja akatoka wa mawimbi, akaitwa Kirlee.

Watu wakafurahi, wakasema huyu ni ndugu wa wale wa Cornwall, tuwachanganye. Wakampandisha Kirlee kwa majike wa Cornish. Watoto wote wakatoka manyoya yamenyooka! Hapo ndipo ilipojulikana ni vinasaba viwili tofauti vinavyoleta sura inayofanana. Baadaye maabara zikathibitisha: wa Cornwall kasoro iko kwenye LPAR6, wa Devon iko kwenye KRT71, ambayo ndiyo inayotengeneza protini ya unywele. Na hiyo hiyo KRT71 ikiharibika kwa namna nyingine unapata Sphynx, yule asiye na manyoya kabisa.

Devon uso wake ni mpana juu, mfupi chini, mashavu yamejitokeza, macho makubwa, masikio makubwa mno yamekaa chini pembeni. Mawimbi yake hayajapangika vizuri kama ya Cornish. Sharubu zinakatika. Masikio yanajaa nta. Mleta mada kasema mwenyewe habari ya nta kwenye #7.

#10 NyauTu
Sharubu za Cornish nazo zimepinda mkuu, hiyo haitoshi. Na mleta mada kasema mistari ya mawimbi imepangika toka shingoni mpaka mkiani. Hiyo ni Cornish. Picha ya pili iangalie, uso ni mrefu.

#11 Mkwawa_wa_Kibirizi
Uso ni mrefu kwa sababu ni paka wa Ujiji, anakula dagaa, ulitaka mashavu yatoke wapi?

#12 ShangaziMwanga
Jamani mnagombea paka wa watu. Mwanangu MwanaUjiji, mama yake ana manyoya gani? Na unamjua baba? Mimi nimefuga paka hapa Mwanga toka nikiwa binti, mzao mmoja unaweza kuwa na baba watatu. Jike akiwa kwenye joto hapandwi mara moja wala na dume mmoja.

#13 MwanaUjiji
Shikamoo shangazi. Mama yake kanyooka. Baba wa watoto wengi wa mtaa huu ni shume mmoja mweusi mwenye sikio lililochanika, yeye naye kanyooka. Ila hilo la baba zaidi ya mmoja linampa nguvu mama mdogo na boti zake za Kongo.

#14 BintiManyema
Mama mdogo asidharauliwe. Boti za kutoka Kalemie na Bujumbura zinabeba paka kweli, mwenye mzigo wa unga na mchele hasafiri bila paka. Wanashuka hapo wanatembea mjini, boti ikiondoka wengine wanabaki. Shume wa Kibirizi nusu yao hawana uraia.

#15 KacheroWaGungu
Nusu yao hawana uraia 😂😂 uhamiaji wasisome huu uzi.

#16 MwalimuBiolojia_Tabora
Niwasaidie kidogo toka Tabora huku kwenye maembe.

Nadharia ya boti haihitajiki. Kinasaba cha Cornish na cha Devon vyote ni vya kujificha. Mtoto anatakiwa apewe nakala mbili, moja toka kwa baba na moja toka kwa mama. Mzazi mwenye nakala moja anaonekana kanyooka kabisa. Kwa hiyo mama kanyooka, shume mweusi kanyooka, bado wanaweza kuzaa wa mawimbi. Sharti wote wawili wawe wamebeba. Inawezekanaje paka wawili wa mtaa mmoja wabebe kitu adimu namna hiyo? Kwa kuwa ni ndugu. Shume mmoja akitawala mtaa miaka mitatu minne, anapanda mabinti zake na wajukuu zake. Ndivyo wanavyodhani ilikuwa kwa Kirlee: mama yake aliyenyooka lazima naye alibeba, na uwezekano mkubwa alikuwa na undugu na yule shume wa machimboni.

Wakiwa wawili wamebeba, kwa wastani mmoja kati ya wanne anatoka wa mawimbi. Mleta mada ana watoto wanne, mmoja wa mawimbi. Hesabu imekaa.

#17 Mkwawa_wa_Kibirizi
Mwalimu, wastani wa watoto wanne si ushahidi. Ningetupa sarafu mara nne ningepata mengi. Halafu umeacha njia ya pili: badiliko jipya linalotawala, ambalo nakala moja tu inatosha. Selkirk Rex alitokea hivyo, Montana, Marekani, 1987. Mama kanyooka, ndugu zake wamenyooka, yeye pekee kajikunja. Alipopandishwa na dume wa Kiajemi aliyenyooka, watoto sita, watatu wakatoka wa mawimbi. Kinasaba cha kujificha kisingeweza kufanya hivyo isipokuwa yule Mwajemi naye awe amebeba. LaPerm naye, shambani Oregon, 1982, alizaliwa hana unywele hata mmoja, baadaye manyoya yakaota yamejikunja. Mwenye shamba hakujishughulisha, akawaacha wazaliane miaka kama 10, akashtukia shamba limejaa paka wa mawimbi. Hakuna undugu uliohitajika hapo.

#18 MwalimuBiolojia_Tabora
Sawa, lakini badiliko jipya ni jambo la nadra sana, undugu Ujiji ni jambo la kila siku. Nachagua la kila siku.

#19 MwishoWaReli
Mmesahau Wajerumani. Kuna German Rex. Paka wa mawimbi aliyeokotwa Berlin 1951, akaitwa Lämmchen. Nimeangalia sasa hivi. Mimi na Liemba yangu tunasubiri kuombwa radhi.

#20 NyauTu
German Rex ana kinasaba kile kile cha Cornish mkuu, umenisaidia mimi. Liemba ilishaelea miaka 36 kabla ya Lämmchen kuokotwa.

#21 MwishoWaReli
Kilikuwa kimejificha. Mwalimu kasema vinajificha.

#22 MamaPumu
Samahanini kuingilia. Mimi napenda paka ila nina pumu, nikikaa nyumba yenye paka saa moja tu kifua kinabana. Nimewahi kuambiwa hawa wa mawimbi hawana shida kwa sababu hawapukutishi manyoya. Ni kweli? Mleta mada akikataa kumtupa, na mimi niko hapa Katonga.

#23 MtabibuWaMifugo
Dada #22, usijaribu kwa kuamini hilo. Kinachokubana si unywele. Ni protini iliyomo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka, inaitwa Fel d 1. Paka anajilamba, mate yanakauka, yanapeperuka kama vumbi jepesi sana na yanakaa kwenye mapazia na magodoro miezi. Paka asiye na manyoya kabisa anayo. Wa mawimbi anayo. Anapukutisha kidogo, ndiyo, kwa hiyo nyumba inaonekana safi, lakini mapafu hayaangalii usafi wa macho. Kiwango kinatofautiana paka kwa paka, majike na madume waliohasiwa huwa na kidogo kuliko dume mzima. Kwa mwenye pumu, kaa saa kadhaa na paka huyo huyo unayemtaka, ukiwa na dawa yako ya kuvuta mkononi. Tena bora umuulize daktari wako kwanza.

#24 MamaPumu
Asante dokta. Basi nitaendelea kumwangalia kwenye picha.

#25 DalaliWaKariakoo
Mleta mada njoo PM. Dar wapo watu wanalipa pesa ndefu kwa paka wa hivi. Kumpakia treni au basi ni juu yangu.

#26 ShangaziMwanga
Mwanangu usimuuze. Na wewe dalali, paka kakaa na watu wake unataka kumtia kwenye boksi Kigoma mpaka Dar?

#27 DalaliWaKariakoo
Shangazi biashara ni maelewano tu, shikamoo.

#28 FundiSaa
Mimi nabisha yote. Paka akilishwa dagaa tupu manyoya yanaharibika. Nimeona. Yanakuwa makavu, yanasimama, yanakunjamana. Mpe maziwa na nyama, yatanyooka.

#29 MtabibuWaMifugo
#28 una nusu ya ukweli. Lishe mbovu inafanya manyoya yapauke na yasimame, na samaki wenye mafuta wakiwa chakula pekee kwa muda mrefu wanaweza kumletea paka upungufu wa vitamini E. Lakini ndugu zake watatu wanakula sahani moja na wamenyooka. Na maziwa mwache, paka wengi wakubwa yanawaharisha.

#30 FundiSaa
Ndugu zake hawafikii sahani, mleta mada kasema huyu anakula vyote.

#31 KacheroWaGungu
😂😂 Hoja hiyo dokta ijibu.

#32 BibiHarusi_Kasulu
Mnaongelea manyoya kurasa mbili, nusu ya swali la mleta mada hamjaigusa. Aliuliza tabia. Mimi naona manyoya hayahusiani hata kidogo. Wanaosema Devon mchangamfu, Cornish hatulii, Selkirk mpole na mvumilivu, wanaongelea paka waliochaguliwa na wafugaji vizazi na vizazi, wale wakali wakaachwa, wale wapole wakazalishwa. Selkirk kachanganywa na Waajemi na paka wengine wanene watulivu, ndiyo maana ana mifupa mizito na moyo wa pole. Upole umetoka kwa hao, haukutoka kwenye mkunjo. Huyu wa Ujiji hakuchaguliwa na mtu. Kazaliwa uvunguni.

Sasa kwa nini yeye apande mabegani na wenzake wakimbie? Nadhani kwa sababu alikuwa tofauti, mkamshika. Kila aliyeingia kwenu alitaka kumwona na kumpapasa. Paka akishikwashikwa na watu wakati ana wiki 2 mpaka 7 anazoea watu maisha yake yote, asiposhikwa hapo anabaki mwoga. Hilo limefanyiwa utafiti vizuri. Wenzake mliwaacha na mama yao.

#33 MwanaUjiji
#32 umenigusa dada. Kweli yeye alibebwa toka hajafumbua macho vizuri, watoto wa mtaa wote walipita. Lakini hata wenzake tulikuwa tunawashika, si kwa kiasi kile tu.

#34 MwalimuBiolojia_Tabora
#32 hoja nzuri, ila usisahau baba. Imeonekana kwamba watoto wa dume asiyeogopa watu wanatoka majasiri hata kama hawajawahi kumwona baba yao. Kama huyu baba yake ni mwingine, kama alivyosema shangazi, basi manyoya na ujasiri vinaweza kuwa vimekuja na dume mmoja bila kimoja kusababisha kingine.

#35 BintiManyema
Yaani tumerudi kwenye boti za Kongo. Mama mdogo oyee!

#36 Mkwawa_wa_Kibirizi
Niongeze sababu ambayo hamjaitaja: baridi. Manyoya ya hawa ni machache na mepesi, mwili unapoteza joto haraka. Paka wa namna hiyo anatafuta joto popote: jikoni, juani, chini ya blanketi, begani kwa mama anayesonga ugali. Na kwa kuwa anachoma nguvu nyingi kujipasha joto, anakula sana. Mnaita upendo na ulafi, inawezekana ni baridi tu.

#37 ShangaziMwanga
Baridi ya Ujiji? Mwanangu mimi nalala na shuka moja.

#38 Mkwawa_wa_Kibirizi
Shangazi, Juni usiku upepo ukitoka ziwani, na uvae fulana nyepesi tu maisha yako yote.

#39 ShangaziMwanga
Hapo nakupa kidogo. Kidogo.

#40 SheikhJuma_Buzebazeba
Kwa wale wanaosema si paka: mnyama anakula, anakunya, anaogopa mbwa, kazaliwa mbele yenu. Acheni kumtia hofu mama wa watu. Dini imetuusia wema kwa paka, anayetaka kumpiga jiwe ajue hilo.

#41 TajiriWaMawese
Mbona hamjamtaja paka wa kwetu Afrika Mashariki? Kuna paka wa Sokoke, kule msitu wa Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, anafugwa mpaka Ulaya sasa. Huyu atakuwa huyo.

#42 NyauTu
Sokoke ni kweli alitambulika toka 1978, ila manyoya yake ni mafupi yaliyolala na mabaka yanayofanana na gome la mti. Hana mkunjo. Ila nimependa wazo, tusingoje Wazungu watupe majina. Huyu aitwe Ujiji Rex.

#43 KacheroWaGungu
Naunga mkono. Kamati ya mbegu iundwe, mwenyekiti shangazi, katibu mama mdogo.

#44 MwalimuBiolojia_Tabora
Kama mko makini, kipimo kipo. Maabara ya Chuo Kikuu cha California kule Davis wanapima vinasaba vya paka kwa usufi wa shavuni tu, kwa njia ya posta. Wakikuta ni cha Cornish au cha Devon mbishano umeisha. Wasipokikuta, hapo ndipo utamu unapoanza.

Njia ya bure: mwacheni akue, apandishwe kwa jike aliyenyooka asiye ndugu yake. Nusu ya watoto wakitoka wa mawimbi, kinatawala. Wote wakinyooka, kinajificha.

#45 MtabibuWaMifugo
Au ahasiwe akae nyumbani kwa amani. Mwalimu, wewe unawaza jaribio, mimi nawaza lundo la paka mtaani. Na undugu ulioutaja ndio unaoleta magonjwa ya ukoo. Devon wana ugonjwa wa misuli unaorithiwa, kichwa kinalegea, wanasakamwa na chakula. Mleta mada, akifika umri mpeleke kwa afisa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa kwanza, paka anaugua na anaambukiza pia. Mengine mtajadili baadaye.

Moja zaidi: akiumwa msimpe paracetamol hata kipande. Ini la paka haliwezi kuivunja, inamuua. Na zile nta za masikio, futa sehemu unayoiona tu kwa pamba yenye mafuta kidogo ya nazi, usiingize kijiti.

#46 MwanaUjiji
Nimeandika yote dokta. Nimemwambia na bi mkubwa habari ya kuhasi, kasema hahasiwi mtu nyumba hii.

#47 BintiManyema
Mtu 😂

#48 MwishoWaReli
Mkishampata wa kumpandisha mniite. Posa ya Kijerumani inakuja na bia.

#49 SheikhJuma_Buzebazeba
Bia ibaki Liemba.

#50 MpitaNjia_Mwandiga
Nimesoma uzi wote. Nauliza kitu kimoja: miezi michache iliyopita hapa Mwandiga niliona paka wa mawimbi gulioni, yeye mweusi, jike, mwembamba, anafuata muuza nyama. Nilidhani kanyeshewa. Si kulikuwa na jua?

#51 NyauTu
Weee! Picha?

#52 MpitaNjia_Mwandiga
Sina. Nani anapiga picha paka wa gulioni.

#53 Mkwawa_wa_Kibirizi
Toka Ujiji mpaka Mwandiga shume hafiki kwa miguu kirahisi, lakini kwenye bajaji ya mihogo anafika. Mkuu rudi gulioni umtazame sharubu.

#54 MwalimuBiolojia_Tabora
Na masikio! Yamekaa juu au pembeni?

#55 FundiSaa
Na muulizeni anakula nini.

#56 MpitaNjia_Mwandiga
Anakula anachoangusha muuza nyama. Kesho naenda kununua maharage, nitapita hapo.